Kipepeo na Mmea Wake

Mashariki ya mji wa Kakamega, katika nchi ya Waluhya, upo msitu ambao wataalamu husema ni mabaki ya upande wa mashariki kabisa ya ule msitu mkuu wa mvua wa Afrika ya Kati na Magharibi. Zamani za kale, mvua zilipokuwa nyingi kuliko sasa, msitu huo mkuu ulinyosha mkono wake ukavuka Uganda ukafika nchi yetu. Kisha ukame ukaja, halafu watu wakaongezeka na mashamba yakaenea. Mkono ukakatika, na Kakamega ikasalia kama kidole kilichoachwa peke yake. Ndiyo maana mna humo miti, ndege na wadudu ambao jamaa zao wa karibu wako Uganda na Kongo. Aina za vipepeo zilizoandikwa katika msitu huo zapita 400, ilhali Kenya nzima ina aina kama 900. Uingereza, nchi iliyosifika kwa wingi wa watu wapendao vipepeo, ina aina zipatazo 60 tu.

Katika insha hii sikusudii kuwahesabu vipepeo hao mmoja mmoja. Nataka kueleza jinsi watu walivyojifunza, katika muda wa zaidi ya miaka 300, jambo moja lililo jepesi kulitamka na gumu kulifuata: kwamba kipepeo hajulikani mpaka mmea wake ujulikane, wala hawezi kuhifadhiwa bila mmea huo. Wako waliochora kwa mkono, wako waliokamata kwa wavu, na wako waliopiga picha kwa kamera. Kila chombo kilileta elimu yake, na kila chombo kilikuwa na upofu wake. Tukizifahamu habari hizo tutaelewa kwa nini kijana wa leo, mwenye kamera au simu mkononi, asitosheke na picha ya mabawa mazuri.

Kwanza yafaa tukumbuke maisha ya kipepeo. Maisha hayo yana vipindi vinne: yai, kiwavi, pupa, na kipepeo mwenye mabawa. Kazi ya kiwavi ni kula na kukua. Pupa hali wala hatembei, bali ndani yake mwili hujengwa upya. Kazi kubwa ya kipepeo mzima ni kuzaa. Yeye hana meno. Hunyonya kwa mrija maji matamu ya maua, au utomvu wa miti, au maji ya matunda yaliyooza, na wengine hata unyevu wa mavi ya wanyama. Katika chakula hicho aghalabu si mchaguzi sana. Lakini kiwavi ni mchaguzi mkubwa. Viwavi wa aina nyingi hula majani ya mmea mmoja tu, au ya mimea michache iliyo jamaa, na kiwavi wa namna hiyo akiwekwa juu ya jani jingine yamkini atakufa kwa njaa huku amezungukwa na majani mabichi.

Sababu ya uchaguzi huo ni kwamba mimea haiwezi kuwakimbia adui zake, kwa hiyo hujikinga kwa sumu na kwa ladha kali. Na kila jamii ya vipepeo imezoea sumu ya jamii fulani ya mimea. Mwaka 1964 wataalamu wawili wa Marekani, Paul Ehrlich na Peter Raven, walikusanya habari za viwavi na mimea yao kutoka pande nyingi za dunia, wakaeleza kwamba mimea na vipepeo wamekuwa wakishindana, silaha kwa ngao, kwa muda wa mamilioni ya miaka. Kipepeo jike aijua siri hiyo ingawa hakufundishwa. Kabla ya kutaga huligusa jani kwa miguu yake, na kwa miguu hiyo huionja ladha yake. Jani likiwa silo, huruka akaenda zake.

Mfano ulio karibu na shule nyingi ni mchungwa au mlimau. Chunguza majani yake machanga, nawe huenda ukamwona kiwavi mdogo mweusi mwenye baka jeupe, afananaye kabisa na mavi ya ndege. Akikua hugeuka kuwa wa kijani, na ukimgusa hutokeza nyuma ya kichwa pembe mbili laini zenye harufu kali. Huyo ni mtoto wa Papilio demodocus, kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano. Watu wengi wamjuao kipepeo huyo hawamjui kiwavi wake, na wengi wamjuao kiwavi, kwa kuwa anawaharibia michungwa, hawajui kwamba ndiye yule yule.

Mmoja wa watu wa kwanza kuipa siri hiyo heshima yake katika picha alikuwa mwanamke. Maria Sibylla Merian alizaliwa Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1647. Siku zile watu wengi, hata wenye elimu, waliamini kwamba wadudu huzaliwa na matope na uozo. Yeye tangu ujana wake alifuga viwavi wa hariri, kisha viwavi wengine, akaona kwa macho yake yai likiwa kiwavi na kiwavi akiwa kipepeo. Mwaka 1699, akiwa na umri wa miaka 52, alipanda jahazi pamoja na binti yake, wakavuka bahari ya Atlantiki mpaka Surinam, koloni la Waholanzi huko Amerika ya Kusini. Baada ya miaka miwili hivi alirudi Amsterdam kwa sababu ya ugonjwa, na mwaka 1705 akatoa kitabu chenye picha 60.

Picha za Merian zilikuwa na jambo kubwa. Katika karatasi moja alichora mmea wenye majani, maua au matunda, na juu ya mmea huo huo akachora kiwavi, pupa na kipepeo. Mtazamaji aliona kwa mara moja nani anakula nini. Tena Merian alieleza katika maandishi yake kwamba habari nyingine za mimea alizipata kwa wenyeji wa nchi na kwa watumwa wa mashamba. Hapo tujifunze jambo litakalotufaa mbele: aijuaye miti ya mahali, mara nyingi, ni yule aliyekulia pale.

Karne mbili zilizofuata zilikuwa zama za wavu na sindano. Watu wenye mali huko Ulaya walishindana kujaza makabati yao. Kipepeo alikamatwa, akauawa, akanyoshwa mabawa juu ya ubao, akachomwa sindano, na chini yake ikawekwa karatasi ndogo yenye jina la mahali, tarehe, na jina la mkamataji. Tusiidharau kazi hiyo. Karatasi hizo ni ushahidi: kwa hizo twaweza kujua leo kwamba kipepeo fulani alikuwapo mahali fulani miaka 100 iliyopita, hata kama mahali hapo sasa ni barabara au shamba. Lakini sindano ilimtenga kipepeo na jani lake. Makabati yalijaa mabawa, na mimea iliyoyalea ikabaki nje.

Hasara ya kuwatenga hivyo ilionekana katika habari ya Papilio dardanus, kipepeo apatikanaye pia katika msitu wa Kakamega. Dume lake ni la manjano hafifu, lenye mikia katika mabawa ya nyuma. Majike wengi wa bara la Afrika hawana mikia, wala hawafanani na dume, wala hawafanani wao kwa wao. Mmoja ni mweusi na mweupe, mwingine ana rangi ya machungwa, kwa kuwa kila mmoja amejifananisha na kipepeo wa aina nyingine mwenye sumu, ambaye ndege hawamtaki. Wenye makabati waliwapa majike hao majina mbalimbali wakidhani ni aina mbalimbali. Roland Trimen, Mwingereza aliyefanya kazi katika Rasi ya Tumaini Jema, alitangaza katika makala iliyochapwa mwaka 1869 kwamba wote ni wake wa mume mmoja. Wako waliomkatalia. Shaka iliondoka kabisa pale watu wa Afrika ya Kusini walipolea viwavi kutoka katika mayai ya jike mmoja, wakiwalisha majani ya mmea wao, ambao ni wa jamaa ya michungwa. Wakatoka madume ya manjano na majike ya sura mbalimbali. Kabati lilikuwa limeshindwa kulijibu swali hilo, na mmea ukalijibu.

Wala faida haikuishia kwa vipepeo. Karibu miaka 90 baadaye, daktari Cyril Clarke wa Liverpool na mwenziwe Philip Sheppard waliwalea vipepeo hao hao ili wajue jinsi rangi zinavyorithiwa. Fikira walizozipata humo ziliwaongoza kutazama urithi wa damu ya binadamu. Na katika miaka ya 1960 Clarke na wenzake walikuwa miongoni mwa watu waliopata kinga ya ule ugonjwa ambao damu ya mama huiharibu damu ya mtoto aliye tumboni. Watoto wengi wa dunia wako hai kwa elimu hiyo.

Katika Afrika ya Mashariki, chama cha watu wapendao elimu ya viumbe kiliundwa mwaka 1909, nacho ndicho kilichoanzisha makumbusho ya Nairobi, ambayo leo ni Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Mmoja wa watu wake mashuhuri alikuwa V. G. L. van Someren, aliyezaliwa Australia mwaka 1886, daktari wa meno kwa kazi yake na mpenzi wa ndege na vipepeo kwa moyo wake. Alikusanya kama wengine, lakini pia alilea viwavi na kuandika kila mmoja hula nini. Tena alikuwa mpiga picha hodari wa ndege. Mwaka 1974, akiwa mzee wa miaka kama 88, alichapisha orodha ya mimea iliwayo na viwavi wa vipepeo wa Afrika ya Mashariki. Miaka miwili baadaye alifariki.

Mwenziwe alikuwa T. H. E. Jackson, mkulima wa Kitale, aliyefariki mwaka 1968. Huyu aliwafundisha vijana Waafrika kazi ya kukamata na kulea vipepeo, akawatuma misituni. Mwaka 1937 alitoa makala juu ya maisha ya viwavi wa jamii ya Lycaenidae, vipepeo wadogo ambao wengi wao wana rangi ya buluu. Katika jamii hiyo mna maajabu. Baadhi ya viwavi hulindwa na sisimizi, nao huwalipa sisimizi kwa maji matamu yatokayo mwilini mwao. Wako wengine ambao hawali majani kabisa, bali hula ukoga uotao juu ya magome ya miti mikuukuu. Kwa kipepeo wa namna hiyo gogo lililozeeka ni shamba la chakula; mpita njia huliona kuwa gogo bovu tu. Majina ya vijana wale waliopanda miti na kupekua majani hayasikiki sana leo, ijapokuwa macho yao ndiyo yaliyoona mengi. Mwaka 1991 Torben Larsen, mtu wa Denmark, alitoa kitabu kikubwa cha vipepeo wa Kenya na maisha yao, na kazi ya hao waliomtangulia ilikuwa msingi wake.

Kamera nayo ilikuja polepole. Mwaka 1895 ndugu wawili wa Uingereza, Richard na Cherry Kearton, walitoa kitabu cha viota vya ndege ambacho picha zake zote zilikuwa za kamera. Na mwaka 1909 Cherry alifika Afrika ya Mashariki kupiga picha za wanyama. Lakini simba ni mkubwa na kipepeo ni mdogo, na picha ya kitu kidogo ina shida tatu. Kwanza, kamera ikisogezwa karibu sana, sehemu ionekanayo waziwazi huwa nyembamba mno: jicho likionekana vizuri, ncha ya bawa huwa kama ukungu. Pili, ndani ya msitu mna kiza, na kamera za zamani zilitaka mwanga mwingi na kitu kisichotikisika. Tatu, picha zilikuwa nyeusi na nyeupe, na kipepeo bila rangi yake ni vigumu kumtambua. Filamu ya rangi ya Kodachrome, iliyotolewa mwaka 1935, na baadaye taa za kumulika kwa kufumba na kufumbua, ziliziondoa shida hizo kidogo kidogo. Leo kamera ya dijitali, na hata simu, hupiga picha 100 bila gharama ya filamu, na huweka pamoja na kila picha tarehe na saa yake.

Kwa hiyo wengi wameacha wavu. Hilo ni jema, maana kipepeo aliyepigwa picha huendelea kuruka na kutaga. Lakini kamera nayo ina upofu wake. Ziko aina ambazo hazitambulikani kwa picha, kwa kuwa tofauti zao ni ndogo mno au zimo ndani ya mwili. Hapo hapana budi mtaalamu mwenye kibali achukue mmoja na kumchunguza. Upofu mkubwa zaidi ni huu, kwamba mpiga picha hupenda kilicho kizuri. Humfuata kipepeo penye jua na maua, akapiga picha, akafurahi, akaenda zake. Basi picha nyingi huwaonyesha vipepeo juu ya maua ya Lantana, kichaka kilicholetwa kutoka Amerika ambacho kimeenea kandokando ya njia zetu. Mtu azitazamaye picha hizo angedhani kwamba vipepeo wetu wanaitegemea Lantana. Kwa hakika Lantana ni kama mkahawa: huwanywesha wapita njia, lakini watoto hawalelewi humo. Mmea unaowalea yamkini ni ule utambaao kivulini, hatua 20 kutoka hapo, usio na ua la kupendeza, nao haukupigwa picha na mtu ye yote.

Sasa tuutazame msitu wenyewe, maana wakati elimu ya vipepeo ilipokuwa ikikua, msitu ulikuwa ukipungua. Mwaka 1931 dhahabu iligunduliwa Kakamega, na watafutaji wakamiminika kutoka nje. Mwaka 1932 serikali ya kikoloni iliibadili sheria ya mwaka 1930 iliyokuwa imeahidi kulinda ardhi ya wenyeji, ili machimbo yapate nafasi. Migodi ilitaka magogo na kuni, na msitu ulikuwa karibu. Mwaka 1933 mipaka ya msitu iliwekwa kisheria, eneo la kilomita za mraba zipatazo 240. Walakini mpaka wa ramani si ukuta. Kwa miaka mingi baadaye miti mikubwa ya mbao ilikatwa, na mahali pengine misonobari na mikaratusi ilipandwa badala yake. Mwaka 1985 sehemu ya kaskazini, upande wa Buyangu, ilifanywa hifadhi ya taifa, na upande wa kusini wa Isecheno ukabaki chini ya watunzaji wa misitu. Baada ya 1986 mashamba ya chai yaitwayo ya Nyayo yalipandwa pembezoni mwa misitu kadhaa ya Kenya, na huu mmojawapo, yawe ukingo kati ya msitu na mashamba ya watu. Hata hivyo msitu wa asili uliosalia ni mdogo sana kuliko ule wa ramani ya 1933.

Mtu apitaye juu kwa ndege huona kijani kitupu, akasema msitu upo. Kipepeo hadanganyiki hivyo. Vipepeo wengi wa jamii ya Cymothoe hutaga juu ya vichaka vya Rinorea, viotavyo chini ya kivuli cha miti mikubwa. Charaxes candiope hutaga juu ya miti ya Croton, na Libythea labdaca hutaga juu ya miti ya Celtis. Kwa hao wote shamba la misonobari ni kama jangwa. Kinyume chao, wako vipepeo ambao kilimo kimewaongezea riziki. Papilio demodocus hufuata michungwa. Na Acraea acerata, ambaye viwavi wake hula majani ya viazi vitamu, amekuwa adui wa wakulima katika nchi za Maziwa Makuu. Kwa hiyo mtu anaweza kuona vipepeo wengi bustanini mwake akasema, "Vipepeo hawajapungua." Wasiopungua ni wale ambao mmea wao tunaupanda. Wale ambao mmea wao tunaukata huondoka kimya kimya, wala mwenye bustani hajui kwamba walikuwapo.

Je, haitoshi kuuzungushia msitu ua na kuwafukuza watu? Habari moja ya Uingereza yatuonya tusijibu upesi. Palikuwa na kipepeo wa buluu, Phengaris arion, aliyependwa sana na wakusanyaji. Alipoanza kupungua, wakusanyaji walilaumiwa, na juhudi nyingi zikafanywa ili wasimfikie. Hata hivyo alizidi kupungua, hata mwaka 1979 akatoweka kabisa katika nchi ile. Ni katika miaka ile ya mwisho tu mtaalamu mmoja, Jeremy Thomas, alipoigundua sababu. Kiwavi wa kipepeo huyo huanza maisha yake katika maua ya mmea mdogo wenye harufu uitwao thaimu. Kisha huanguka chini, na sisimizi wa aina moja humchukua wakampeleka chunguni mwao, wakidhani ni mtoto wao, naye hukaa humo miezi mingi akiwala watoto wao. Sisimizi hao wataka nyasi fupi, ili jua lipashe udongo moto. Mifugo ilipoacha kulisha pale, na sungura wa nchi walipokufa kwa ugonjwa katika miaka ya 1950, nyasi zilirefuka, udongo ukapoa, sisimizi wakapungua, na kipepeo akafuata. Mwaka 1983 kazi ya kumrudisha ilianza kwa vipepeo walioletwa kutoka Sweden, na nyasi zikalishwa tena. Safari hii wakaishi. Ua na lawama havikumwokoa. Alirudi pale watu walipoujua mmea, na sisimizi, na nyasi.

Habari hiyo ina maana kwetu, kwa sababu msitu wa Kakamega hauna miti mikubwa peke yake. Mna ndani yake mbuga ndogo za nyasi, kingo za vijito, magogo makuukuu na njia zenye mwanga, na kila mahali pana mimea yake na vipepeo wake. Wala msitu hauko mbali na watu. Waisukha, Waidakho, Watiriki, Wakabrasi na Wanandi wameuzunguka. Kwao msitu ni kuni, ni dawa, ni malisho, ni mizizi ya mukombero inayotafunwa na kuuzwa sokoni. Si haki kumwambia mama mwenye watoto aache kuni kwa ajili ya mdudu asiyemjua jina. Jirani wa msitu hana budi kupata faida yake mwenyewe katika ulinzi huo.

Faida hiyo imewahi kupatikana. Mwaka 1993, huko Gede katika pwani ya Kenya, ulianzishwa mradi uitwao Kipepeo kwa ajili ya watu waishio kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Wakulima walifundishwa kuwakamata vipepeo wachache wa kuanzia, kuwalea viwavi kwa majani ya mimea yao, na kuuza pupa, ambao hupelekwa nchi za ng'ambo kwenye nyumba za maonyesho ya vipepeo. Kazi hiyo haiwezekani kwa mtu asiyeijua mimea; kwa hiyo mkulima aliyekuwa akikiona kichaka fulani kama kuni akaanza kukiona kama chakula cha mifugo yake. Huko Kakamega vijana wa upande wa Isecheno waliunda mwaka 1995 chama cha elimu ya mazingira kijulikanacho kwa kifupi kama KEEP, wakafundisha watoto wa shule na kuwaongoza wageni msituni. Haba na haba hujaza kibaba.

Basi mwanafunzi mwenye kamera afanye nini? Sisi tuwafundishao walimu huwaambia kwamba picha moja haitoshi; yafaa zipigwe sita. Ya kwanza ni ya kipepeo kwa juu, mabawa yakiwa wazi. Ya pili ni ya upande wa chini wa mabawa, kwa kuwa mara nyingi alama za kumtambulisha ziko huko. Ya tatu ni ya yai au kiwavi mahali pale pale alipo, bila kumwondoa. Ya nne ni ya jani la mmea, juu na chini, pamoja na rula ili ukubwa wake ujulikane. Ya tano ni ya ua au tunda, maana mtaalamu wa mimea hawezi kusema kwa hakika kwa jani peke yake. Ya sita ni ya mmea wote mahali ulipoota. Kisha aandike tarehe, mahali, na jina la mmea kwa lugha ya kwao. Asikate matawi, asiguse mabawa, na akiwa ndani ya hifadhi afuate amri za walinzi wake. Picha sita za namna hiyo zina elimu kubwa kuliko picha 100 za mabawa juu ya Lantana.

Kazi hiyo si mchezo wa kupitisha wakati. Kwa vipepeo wengi wa misitu ya Afrika, hasa wale wadogo wa Lycaenidae, mmea wa kiwavi haujaandikwa bado. Maana yake ni kwamba mwanafunzi wa Shinyalu, aendaye shule kwa njia ya kando ya msitu, anaweza kuona kesho jambo ambalo van Someren hakuliona katika maisha yake yote, na ambalo watunzaji wa msitu wanalihitaji kabla hawajaamua ni kichaka gani kifyekwe na kipi kiachwe. Hahitaji kuvuka bahari kama Merian. Atafute jike mmoja arukaye polepole karibu na ardhi, akigusa jani baada ya jani, amfuate kwa subira mpaka atue na kukunja tumbo lake. Kisha apige picha ya yai, apige picha ya mmea, na jioni amwulize babu yake mmea ule unaitwaje.